Vichwa Kumi vya Mvuke Mbele ya Baraza la Mpwapwa

Kule Uswidi, Norwe na Denmaki kuna wazee wenye mvi na pensheni zao wanaojifungia chumbani, wanavaa kofia ya stesheni masta na kuendesha treni ndogo mezani mpaka usiku wa manane. Wake zao wanajua. Wajukuu wanacheka chini chini. Treni zenyewe si za kuburuza sakafuni: kila ribiti ina mahali pake, na kila namba ubavuni imenakiliwa kutoka kichwa halisi kilichowahi kuvuta mabehewa kwenye theluji. Bei ya kichwa kimoja ukiitaja mnadani hapa, watu watauliza ni ng'ombe wa rangi gani.

Swali la leo ni dogo. Katika vichwa hivyo vya mvuke vya Skandinavia, modeli ya kipi inastahili kuwekwa mezani hapa Mpwapwa, chini ya milima ya Kiboriani, vumbi likiwemo?

Kuna atakayeguna: Mpwapwa na treni wapi na wapi? Ni kweli, reli ilitupita. Misafara ya karne ya 19 ilipanda kutoka pwani ikapumzika hapa, na kila mgeni mwenye daftari akaliandika jina letu kwa herufi alizozipenda mwenyewe. Kisha Wajerumani wakaanza kutandaza Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakalifuata bonde la mto, wakajenga stesheni Gulwe, kama kilomita 20 kutoka mjini kwetu, wakaendelea na safari yao. Dodoma wakafika 1910, Tabora 1912, Kigoma Februari 1914. Sisi tukabaki na boma na stori. Ndiyo maana ni mahakimu wazuri: hakuna anayeweza kusema treni imetuhonga.

Baraza lina watu watatu. Mimi mwandishi. Babu mmoja mstaafu wa reli, aliyeanza kazi enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza, na ambaye hajawahi kukubali kufungwa, si kwenye bao wala kwenye hoja. Na shemeji yangu muuza ubuyu, aliyealikwa kwa sababu meza ni yake. Vigezo ni vitatu: kichwa kiwe na ukoo unaoeleweka, kiweze walau kwa kufikirika kuvuka nyika yetu ya Ugogo bila kufa kiu, na kiwe na cha kusimulia. Rangi nzuri haina maksi. Tunahesabu kutoka mkiani.

10. Odin (Denmaki, 1847)

Hiki ndicho kilichofungua reli ya kwanza ya Denmaki ya leo, kutoka Copenhagen hadi Roskilde. Kimepewa jina la mungu wa kale wa watu wa Kaskazini, yule mwenye jicho moja. Shemeji akauliza kama ndiyo maana taa ya mbele ni moja. Kiliundwa Manchester na kampuni ya Sharp Brothers; jina hilo liwekeni kiporo, tutalipasha moto baadaye.

Tatizo la Odin ni kwamba dereva wa enzi hizo hakuwa na kibanda. Anasimama wazi nyuma ya boila, mvua yake na jua lake.

"Jua la Oktoba, la Gulwe?" Babu akauliza. "Dereva huyo atafika stesheni ya Igandu ameiva."

Nafasi ya kumi, na ashukuru.

9. Förstlingen (Uswidi, 1853)

Wakati wengine wakiagiza vichwa Uingereza, karakana ya Munktell pale Eskilstuna iliamua kuunda chake, cha kwanza kuzaliwa Uswidi yenyewe. Kwa kuthubutu tu kinapata heshima. Karakana ile ilizaa kampuni ambayo, baada ya kuungana na huyu na kuungana na yule, ukoo wake ukaishia kwenye tawi la Volvo la mitambo ya ujenzi. Kwa hiyo ukikutana na kijiko cha Volvo kinachimbua barabara hadi umechelewa msiba, yule ni kitukuu cha Förstlingen. Mwamkie.

8. Prins August (Uswidi, 1856)

Kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kilianzishwa mwaka 1854. Miaka miwili tu baadaye kikawa kinawauzia Waswidi vichwa, na kimojawapo, Prins August, bado kipo kwenye makumbusho ya reli ya Gävle, shaba zake zinang'aa kuliko bangili za bibi harusi.

Mnaojua mambo ya reli mmeshatega sikio. Beyer, Peacock ndio hao hao walioijengea East African Railways yale majoka ya Garratt, karne nzima baadaye. Prins August ni kaka mkubwa wa mashine zilizotambaa kutoka Mombasa kwenda Nairobi, tofauti yao ni umri na mwili. Kaka ni mwembamba, mdogo ni tani 252.

Babu alikipinga kwa sababu moja: hapendi watu wenye vyeo vya kurithi. Nikamkumbusha kuwa cheo chake cha mwenyekiti wa baraza hili hakikupigiwa kura. Tukaendelea.

7. Kichwa cha Dübs cha reli ya Setesdal (Norwe, miaka ya 1890)

Hapa tusimame kidogo, maana kichwa chenyewe ni kifupi na cha kawaida, ila reli iliyo chini yake ina makuu.

Mhandisi Carl Abraham Pihl wa Norwe alikuwa na shida tunayoijua vizuri: milima mingi, fedha kidogo. Akaamua kupunguza upana wa reli hadi milimita 1,067, na mwaka 1862 njia ya kutoka Hamar hadi Grundset ikafunguliwa kwa kipimo hicho. Reli nyembamba inakubali kona kali, kwa hiyo badala ya kuuvunja mlima unauzunguka, na hazina inapumua. Baadaye kipimo hicho hicho kikatawala Afrika Kusini, kikapanda kaskazini, na kikaja kutandazwa na Wachina kati ya 1970 na 1975 kwenye TAZARA yetu, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Abiria aliyekaa dirishani pale Mlimba, akinunua ndizi, amekalia kipimo cha Pihl bila habari. Na Wanorwe wenyewe? Njia zao kuu walishazihamishia kwenye reli pana. Wamebaki na vipande vya kumbukumbu, kikiwemo hiki cha Setesdal karibu na Kristiansand, ambacho vichwa vyake vya mvuke bado vinawashwa kwa ajili ya wageni.

Kampuni ya Dübs ilikuwa ya Glasgow. Mwaka 1903 iliungana na wenzake wawili kuwa North British Locomotive Company, na mmoja wa hao wenzake ni Sharp, yule yule wa Odin, aliyekuwa ameshahamia Glasgow. Kiporo kimeanza kupata moto.

6. Daraja B (Uswidi, kuanzia 1909)

Kichwa cha kazi zote, hakina majivuno. Kilichokileta hadi nafasi ya sita ni tabia ya wenyewe. Waswidi walitangulia kuweka umeme kwenye reli zao, lakini ilipoingia Vita Baridi wakajiuliza: adui akikata nyaya? Wakavipaka grisi vichwa vya mvuke vya akiba, wakavifungia mabandani sehemu mbalimbali za nchi, na kuviacha humo hadi kuelekea miaka ya 1990. Dunia inatengeneza kompyuta, Mswidi anahesabu makaa.

Hii ndiyo modeli pekee ambayo ukiiacha kwenye boksi miaka 30 huna kosa. Umezingatia historia.

Nje ya orodha: Ukko-Pekka (Ufini)

Watu wa Ufini wakisikia unawaita Waskandinavia watakusahihisha, kwa upole lakini watakusahihisha. Kichwa chao kikubwa cha abiria, Hr1, kilijengwa kati ya 1937 na 1957, jumla 22, na kikaitwa Ukko-Pekka kwa jina la utani la Rais wao Svinhufvud. Ni kizuri mno. Ila reli yao ni ya kipimo cha Kirusi, milimita 1,524, na kanuni ni kanuni. Tumempa kiti na chai.

5. Daraja F, baadaye daraja E (Uswidi, kisha Denmaki)

Hii ni hadithi ya mitumba, na hakuna Mtanzania atakayeisikiliza bila kutabasamu.

Kati ya 1914 na 1916 kiwanda cha Nohab cha Trollhättan kiliwaundia Waswidi vichwa 11 vya daraja F: vikubwa, vya mwendo, silinda nne, vya kuvuta treni za haraka za wenye nazo. Vilipofika katikati ya maisha yao, umeme ukafika kwenye njia kuu za Uswidi, vikakosa kazi. Mwaka 1937 Denmaki ikavinunua vyote 11. Mitumba ya daraja la kwanza, haijachanika.

Kilichofuata ndicho kinachoonyesha kwamba Wadenmaki wana macho ya Kariakoo. Walivipenda hadi wakapeleka michoro kwa kiwanda chao cha Frichs, Aarhus, wakashonesha vingine vipya 25 kwa mtindo ule ule kati ya 1942 na 1950. Yaani umenunua suti ya mtumba, imekukaa, unamwita fundi akupimie nyingine kama hiyo. Na mwaka 1972, alipozikwa Mfalme Frederik wa Tisa, treni ya jeneza lake ilivutwa na vichwa viwili vya daraja E, wakati dizeli zilikuwa tele. Mtumba ukamzika mfalme.

Kampuni ya Märklin ya Ujerumani imekitengenezea modeli, kwa hiyo huyu anapatikana dukani, ukiwa na hizo fedha. Shemeji alitaka awe wa kwanza. Babu akakataa: "Magurudumu yake ya nguvu ni sita tu. Mlima wa kutoka Kilosa kuja huku utamwambia arudi alikotoka."

Kuhusu umeme kutoa watu kazini tusiwacheke Waswidi. Treni ya umeme ya SGR, reli yetu mpya ya kisasa, inapita Gulwe tangu 2024, na ile ya dizeli kwenye reli ya zamani imeanza kutazamwa kwa jicho la huruma.

4. Dovregubben (Norwe, 1935)

Huyu ndiye baba lao. Aina ya 49 ya reli za Norwe, vichwa saba tu kwa jumla, vilivyojengwa na Thune wa Oslo pamoja na Krupp wa Ujerumani kwa ajili ya njia ya milima ya Dovre, kati ya Oslo na Trondheim. Jina ni la mfalme wa majitu wa mlimani katika ngano zao, yule aliyetiwa na Ibsen kwenye mchezo wa *Peer Gynt*. Kimoja, namba 470, kimehifadhiwa Hamar.

Tazama magurudumu: mawili madogo mbele, manane makubwa ya nguvu katikati, manne madogo nyuma ya kubeba tanuru kubwa. Wataalamu wanaandika 2-8-4. Mpangilio huo ni wa mtu mwenye akili: manane yanagawana uzito ili reli isilalamike, manne ya nyuma yanaruhusu tanuru pana, tanuru pana linaleta mvuke mwingi, na mvuke mwingi ndio unaopanda mlima. Ikariri hiyo 2-8-4, itakuja mtihani.

Kwa nini basi nafasi ya nne? Babu: "Huyo amezoea theluji. Theluji ni maji yaliyolala njiani yakimsubiri. Mlete Ugogo mwezi wa tisa uone jitu likilia."

Mapumziko: hesabu za mezani

Kabla ya tatu bora, shemeji alidai tujue meza itakuwa na reli gani, asije akapokwa sehemu ya kuwekea ubuyu.

Kipimo kinachopendwa zaidi duniani kwa modeli kinaitwa H0: kila kitu kinapunguzwa mara 87. Reli ya kawaida ya milimita 1,435, ambayo ndiyo ya SGR yetu na ya njia kuu za Skandinavia, inakuwa milimita 16.5. Reli ya Kati ya zamani, ya mita moja, inakuwa 11.5. TAZARA inakuwa kama 12.3. Watengenezaji, ili wasipate kichaa, wanazilaza hizo nyembamba mbili kwenye reli moja ya milimita 12.

Umeiona hiyo? Katika maisha halisi mzigo unaotoka Reli ya Kati kwenda TAZARA lazima ushushwe na kupakiwa upya pale Kidatu, kwa sababu ya milimita 67 za tofauti. Mezani kwa shemeji tatizo hilo limekwisha. Mabehewa ya Kigoma yanakwenda Kapiri Mposhi moja kwa moja, bila kuli, bila kikao, bila mwekezaji.

Hesabu nyingine ni ya kufariji roho zetu tuliopitwa. Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ina kilomita 1,252. Igawe kwa 87: kilomita 14 na ushee. Ukianza kuitandaza modeli nzima kutoka Mpwapwa mjini, stesheni zote ndani, Kigoma unaifikia kabla hujafika Gulwe. Wajerumani wangekuwa watu wa modeli, reli yote ingekuwa yetu.

Mto nao usisahaulike. Meza isiyo na bonde la Kilosa hadi Gulwe ni ya uongo, na bonde lisilo na mafuriko ni la uongo zaidi. Desemba 2009 na Januari 2010 maji yalibomoa reli kwenye kipande hicho na safari zikakatika. Shemeji amekubali kuchangia ndoo, kwa sharti kwamba asimwage mtu mwingine.

3. Garratt ya Heljan (Denmaki, kwa njia ya panya)

Hiki si kichwa cha Skandinavia. Ni modeli ya Skandinavia, na kanuni zetu zina mwanya huo kwa makusudi.

Heljan ni kampuni ya modeli ya Søndersø, Denmaki. Iliamua kutengeneza Garratt ya reli za Uingereza, ile ya kampuni ya LMS iliyokuwa na vichwa 33, vyote kutoka Beyer, Peacock. Kwa asiyeijua Garratt: chukua boila moja nono, litundike katikati, weka injini kamili mbele yake na nyingine kamili nyuma yake, unganisha kwa egemeo ili zigeuke zenyewe kwenye kona. Ni wazo la Herbert Garratt, na ya kwanza ilikwenda Tasmania mwaka 1909. Nguvu ya vichwa viwili, dereva mmoja, na kona inapita bila ugomvi.

Waingereza walikuwa nazo, lakini Afrika ndiko zilikoota mizizi. Daraja la 59 la East African Railways, vichwa 34 vilivyojengwa 1955 na 1956, ndivyo vilivyokuwa vikubwa na vyenye nguvu kuliko vyote vya mvuke vilivyowahi kukimbia kwenye reli ya mita moja, popote duniani. Urefu unazidi mita 31. Ukiupunguza mara 87 bado unapata modeli ya kama sentimita 36, na hicho ni kichwa peke yake. Vilipewa majina ya milima. Wenzao wa daraja la 60, wadogo kidogo, walipewa majina ya magavana wa kikoloni, na bendera zilipobadilika majina yakabanduliwa. Milima haikubanduliwa. Mlima hauna chama.

Sasa sikiliza hili. Ingia makumbusho ya reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Utaikuta 5918, Mount Gelai. Gelai iko wapi? Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Utaikuta na 5930, Mount Shengena. Shengena iko wapi? Upareni. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 watu waligawana ndege na meli na vijiko vya kantini, na milima yetu miwili ikabaki ng'ambo ya mpaka.

"Tuliacha," alisema Babu, "kwa sababu ni mizito kubeba."

2. Turbini ya Ljungström (Uswidi)

Hapa ndipo nilipogombana na Babu mpaka ubuyu ukamwagika.

Kichwa cha kawaida cha mvuke ni mtu mfujaji. Kinachemsha maji, mvuke unasukuma pistoni mara moja, kisha unatupwa hewani kupitia bomba: chwa, chwa, chwa. Ile sauti tunayoipenda ni sauti ya maji yakipotea. Norwe haiumi. Ugogo, ambako maji ya boila ni ya kutafuta, ile sauti ni msiba.

Ndugu wawili wa Uswidi, Birger na Fredrik Ljungström, walikuwa mabingwa wa turbini. Wakapendekeza: ondoa pistoni, weka turbini, halafu ule mvuke usiutupe, upooze urudi kuwa maji, yachemshe tena. Kichwa kinakuwa kinakunywa jasho lake mwenyewe. Mwaka 1925 Nohab wakajenga kimoja cha namna hiyo kwa ajili ya Argentina, nyika kame, na upana wa reli yake ulikuwa, nadhani mmeshakisia, mita moja. Kipimo cha Gulwe. Kingeweza kuteremshwa Dar es Salaam badala ya Buenos Aires kikapanda hadi Kigoma bila kubadilisha hata ekseli.

Hakikuja. Mitambo ya kupoozea mvuke ni mizito, mingi, na inapenda kusumbua. Vumbi na mabomba membamba havijawahi kupatana. Baadaye wakajenga aina rahisi zaidi, isiyopooza mvuke, na vitatu vya aina hiyo vilivuta madini ya chuma kutoka Grängesberg kwenda Oxelösund kuanzia miaka ya 1930. Vyote vitatu vimehifadhiwa pale pale Grängesberg. Turbini haina chwa chwa. Inavuma tu, mfululizo, kwa hiyo anayetengeneza modeli yake ameokoa gharama ya spika.

Mimi nilisema namba moja. Kigezo cha pili, cha kiu, kinasema hivyo waziwazi. Babu akaweka kikombe chini. "Mjukuu wangu, kitu kinachoweza kuvuka Ugogo na kitu kinachoweza kutengenezwa Ugogo ni viwili tofauti. Hicho kikiharibika stesheni ya Msagali, fundi anatoka wapi? Stockholm?" Nikasema Waswidi hawako mbali kiasi hicho, fedha zao ziliingia kwenye umeme wa maji wa Kidatu na Mtera, na Mtera ni hapo tu. Akasema bwawa halivutwi na treni. Kura zikawa mbili kwa moja, kwa kuwa shemeji alishamwogopa Babu.

1. Nyaturu, namba 3020

Mtalalamika. Mtasema hiki si cha Skandinavia hata kwa bahati mbaya. Lalamikeni, halafu msikilize hukumu.

Daraja la 30 la East African Railways, vichwa 26, vilijengwa Glasgow mwaka 1955 na 1956. Vilipewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki, kama ndugu zao wa madaraja ya 29 na 31. Namba 3020 akapewa jina la jirani zetu wa Singida: Nyaturu. Yeye naye yuko makumbusho ya Nairobi, na amewahi kuwashwa tena baada ya kustaafu akavuta watalii. Gelai, Shengena na Nyaturu: Watanzania watatu, na hakuna hata mmoja anayefikiria kurudi.

Sasa mtihani niliowaahidi. Magurudumu ya Nyaturu yamepangwaje? 2-8-4. Mpangilio wa Dovregubben, jitu la Norwe, kwa sababu ile ile: kugawa uzito na kupata tanuru pana. Aliyemjenga ni nani? North British Locomotive Company. Na ndani ya kampuni hiyo waliungana akina nani? Dübs, aliyejenga vichwa vya Setesdal kwa kipimo cha Pihl. Na Sharp, aliyejenga Odin, jicho moja, wa nafasi ya kumi. Kiporo hicho mezani. Kwa baba anamshika Odin, kwa umbo anamshika Dovregubben, na kwa reli anapita Gulwe bila kuomba ruhusa. Kama huo si udugu, tuambieni udugu ni nini, maana huku watu wanarithishana mashamba kwa ushahidi mdogo kuliko huo.

Na kuna sababu ya Babu, ambayo ndiyo iliyonishinda. Daraja E ukilitaka unaagiza Ujerumani. Nyaturu atalazimika kutengenezwa, na watengenezaji tunao. Mtoto yeyote wa hapa aliyewahi kuunda gari la waya lenye usukani unaofanya kazi anajua nusu ya kazi hii. Fundi anayechomelea mageti anajua nusu nyingine.

Tumekubaliana hivi: tusihangaike na H0, macho ya Babu hayawezi. Reli iwe ya upana wa sentimita 5, yaani tumepunguza mara 20. Boila ni kopo refu la bati, bomba ni kipande cha mrija wa pampu, magurudumu 14 yakatwe kwenye bati nene, behewa la maji nyuma lisisahaulike. Mota ndogo ya betri itafichwa ndani. Kijana mmoja alipendekeza achemshe maji kweli kweli ndani ya kopo la maziwa, alikatazwa palepale. Mvuke uliobanwa ndani ya bati lisilopimwa ni bomu.

Vipimo ndivyo vilivyobaki. Kwa hiyo msomaji, ukiwa na safari ya Nairobi, beba futi ya fundi cherehani, penseli na daftari. Ingia makumbusho ya reli, lipa kiingilio, uliza ilipo 3020. Pima urefu wa boila, kipenyo cha gurudumu kubwa, kimo cha bomba kutoka chini, na umbali kati ya gurudumu na gurudumu. Piga picha mbavu zote mbili. Karatasi hiyo iteremshe Gulwe, kwa treni yoyote itakayosimama. Bodaboda wote wa pale wanajua njia ya Mpwapwa.